Mimea ya harufu ya uani

Mimea ya harufu ya uani ni mimea inayooteshwa bustanini, kwenye ndoo, makopo na mitungi iliyopasuka katika nyumba za pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya majani au maua yake. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, iliyo mashuhuri ni mrehani, mchaichai, nanaa, kotmiri, asumini, mlangilangi na mhina. Mlangilangi ni mti mzima na mhina ni kichaka, lakini matumizi yake yameiweka katika jamaa hii. Mmea mmoja waweza kuingia sufuriani asubuhi, kwenye maji ya kuoga alasiri na kichwani mwa bibi harusi usiku. Kuigawa kuwa ya chakula, ya dawa na ya pambo ni kazi ya vitabu. Wenye nyumba hawaigawi.

Karibu yote, mhina ukitolewa, ina hazina ya namna moja: mafuta mepesi yaliyofichwa kwenye majani au maua, ambayo huruka hewani yapatapo joto. Katika mchaichai (Cymbopogon citratus) sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, inayopatikana pia katika ganda la limau. Mrehani (Ocimum basilicum) una linaloli na, katika baadhi ya aina zake, eujenoli, ambayo ndiyo inayotawala katika karafuu. Desturi nyingi za uani zinaeleweka kwa hilo. Rehani huchumwa asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Majani huanikwa kivulini, penye upepo; yakianikwa juani hubaki makavu ya rangi ya kahawia, na harufu imekwenda zake.

Utunzaji wake si mgumu. Mrehani hukatwa vichwa kabla ya kutoa maua, ili uchipue matawi mengi. Mchaichai huoteshwa kwa kugawa shina lake, kwani ni nadra kutoa maua, na makali ya majani yake hukata vidole vya asiye na hadhari. Nanaa hupenda maji na hutambaa hadi kumeza bustani, hivyo ni heri ibaki ndani ya ndoo. Kotmiri ndiyo yenye deko: joto la pwani huiharakisha kutoa maua, na mpandaji hana budi kumwaga mbegu kidogo kidogo kila baada ya wiki chache. Nairobi na nyanda za juu za Kenya, ambako huitwa dania, hustawi bila shida.

Jikoni

Chai ya mchaichai hupikwa kwa kukunja majani, kuyafunga fundo na kuyatia katika maji yanayochemka, pamoja na tangawizi kwa wanaoipenda, kisha birika hufunikwa. Kufunika huko ndiko kunakozuia sitrali isitoke na mvuke. Nanaa na kotmiri huingia kwenye biriani: hukatwakatwa na kutandazwa juu ya masala kabla ya wali kumwagwa, sufuria ikapaliwa makaa juu ya mfuniko na kuachwa. Mabua ya kotmiri hayatupwi, maana yana ladha kama majani au hata kuyapita; husagwa pamoja na nazi, pilipili, kitunguu saumu na ndimu kuwa chatne ya kulia bajia na urojo. Kwenye mchuzi, kotmiri hutiwa moto ukishazimwa. Anayeitia mapema pamoja na vitunguu anapata rangi ya kijani, basi.

Mrehani wenyewe, kwa ajabu, haukupata nafasi kubwa kwenye vyungu vya pwani. Waitalia huutia katika vyakula vyao vya kila siku. Mswahili aliuweka kwa ajili ya mwili na ibada. Qurani huutaja mmea wa raihani katika sura za Ar-Rahman na Al-Waqia, na wapo wanaoweka matawi yake juu ya makaburi. Kinacholiwa zaidi ni mbegu, tukumaria, ambazo zikirowekwa huvimba kwa dakika chache na kuvaa utando wa ute. Ndizo zile punje nyeusi za kwenye faluda.

Siku hizi umezuka mtindo wa kutia majani mabichi na vitunguu saumu ndani ya chupa ya mafuta na kuiweka rafuni kwa pambo. Huo ni hatari. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na mahali pasipo hewa ndipo bakteria wa botulizimu huzaliana na kutoa sumu yao, isiyo na rangi wala harufu ya kumwonya mlaji. Majani yakaushwe kabisa kabla ya kutiwa, au mafuta yakae kwenye friji na yatumike ndani ya siku chache.

Vikuba, singo na mafuta ya nazi

Kikuba ni kishada kidogo cha majani na maua ya harufu ambacho wanawake hubandika kifuani au kwenye nywele. Huungwa kwa uzi, na vitu vyake vya kawaida ni rehani, asumini, kilua na vipande vya mkadi. Ustadi uko katika kuchagua saa. Asumini (Jasminum sambac) hufunguka usiku, kwa hiyo vitumba vyake huchumwa jioni vingali vimefumba, vikatungwa haraka na kuvaliwa. Maua hufunguka yakiwa tayari kichwani mwa mvaaji na kunukia hadi alfajiri. Yaliyotungwa kwa sindano katika uzi mrefu huwa koja. Vishada vilivyonyauka si lazima vitupwe: maua yaliyokauka pamoja na rehani hutiwa katika vifuko vya kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku la kanga.

Singo ni mchanganyiko wa kusugulia mwili, unaojulikana zaidi Unguja na Pemba. Waridi, langilangi, asumini na rehani hukaushwa na kutwangwa pamoja na karafuu, huongezwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe, kisha unga huo hulainishwa kwa marashi ya mawaridi. Somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, humsugulia kwa siku kadhaa kabla ya ndoa. Kila somo ana vipimo vyake na si wepesi wa kuvitaja, na ni haki yao: hiyo ni kazi ya mtu kama useremala ulivyo. Langilangi yenyewe imevuka mipaka ya uani, kwani Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani wa mafuta yake yanayonunuliwa na viwanda vya manukato.

Kwa nywele, maua makavu hupashwa moto mdogo ndani ya mafuta ya nazi, kisha huchujwa. Mafuta hayo huyeyuka yakifika nyuzi joto 24 hivi, na ndiyo sababu pwani huonekana ya maji karibu mwaka mzima ilhali kwenye miji ya baridi huganda chupani. Kivumbasi, ndugu wa mrehani mwenye harufu kali zaidi, huchomwa au kuwekwa chumbani ili kupunguza mbu. Moshi wake haujaweza kuchukua nafasi ya chandarua.

Hina na piko

Mhina (Lawsonia inermis) una kanuni nyingine, maana kinachotafutwa humo ni rangi. Majani hukaushwa, husagwa, hupitishwa kwenye kitambaa chepesi, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu au ukwaju na kuachwa kwa saa kadhaa. Uchachu huitoa rangi, iitwayo lausoni, nayo hushikamana na keratini ya ngozi, kucha na nywele. Viganja na nyayo hukolea kuliko pengine kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene. Hina ikibanduliwa huacha rangi ya machungwa, ambayo hugeuka kahawia kwa siku moja au mbili na kudumu wiki moja hadi tatu. Hutia rangi ngozi za wanyama na sufu pia. Kwenye pamba hushika kwa udhaifu.

Hakuna hina nyeusi kwa asili. Piko, linalochorewa maua meusi mikononi mwa maharusi, mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele wenye kemikali ya PPD. Umoja wa Ulaya huiruhusu kemikali hiyo kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na hukataza kupakwa kwenye ngozi. Wengine hutokwa na malengelenge yanayofuata mchoro mstari kwa mstari na kuacha kovu. Hina ya kweli nayo haifai kwa watoto wachanga: wale wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria, huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu wakipakwa. Aliyewahi kudhuriwa na piko asirudie, tena asome karatasi ya kila rangi ya nywele anayoinunua, kwa sababu mzio wa PPD kwa kawaida hauishi.