Macho ya manjano si malaria tu: Namna magonjwa ya tumbo na ini yanavyotambuliwa

MAUMIVU ya tumbo, kutapika na macho kuwa ya manjano ni dalili ambazo mara nyingi hupewa jina kabla mgonjwa hajapimwa. Wapo wanaosema ni malaria, wapo wanaosema ni taifodi au vidonda vya tumbo, na wapo wanaoamini kuwa mtu amelogwa.

Hali hiyo si ngeni katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Handeni inafahamika nchini kote kwa waganga wake wa tiba asili, wakati Korogwe imejulikana kwa tafiti za malaria zinazofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Hasara ya kutaja ugonjwa kwa kukisia ilionekana wazi mwaka 2004, ulipochapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, ni 2,062 tu, yaani asilimia 46, waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimefika hadi kwenye zahanati. Kipimo hicho kikionyesha kuwa hakuna malaria, linabaki swali moja: mgonjwa anaumwa nini basi?

Maswali kabla ya dawa

Tabibu makini huanza kwa kuuliza na kupapasa tumbo kabla ya kuandika vipimo. Maumivu ya chembe ya moyo yanayobadilika kwa njaa au chakula huelekeza kwenye vidonda vya tumbo. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huelekeza kwenye ini au mfuko wa nyongo. Yanayoanzia kitovuni na kuhamia chini upande wa kulia hutia shaka ya kidole tumbo, ugonjwa unaohitaji upasuaji wa haraka.

Rangi nazo hutoa ushahidi. Mgonjwa mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na choo kilichopauka huenda njia yake ya nyongo imeziba. Hata hivyo, umanjano wa macho huweza pia kuletwa na malaria kali au selimundu, magonjwa yanayovunja chembe nyekundu za damu. Kwa sababu hiyo vipimo vya damu na ultrasaundi ya tumbo huhitajika ili kutenganisha chanzo kimoja na kingine.

Vidonda vya tumbo

Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa. Chanzo cha pili ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo watu wengi hujinunulia dukani kwa ajili ya mgongo na magoti.

Kipimo cha choo huonyesha kama bakteria yupo sasa, ilhali kipimo cha damu kinachotafuta kinga hakiwezi kutenganisha maambukizi ya leo na yaliyokwisha pita. Tiba ni antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Anayeacha dawa siku ya nne kwa sababu maumivu yametulia humwacha bakteria akiwa hai na sugu.

Aidha, homa ya matumbo, yaani taifodi, hutajwa kupita kiasi kwa kutegemea kipimo cha Widal, ambacho huweza kusoma ugonjwa kwa mtu asiyenao. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha vimelea vya damu katika maabara.

Kuhara na shida ya maji

Handeni ni wilaya yenye ukame, na kwa miaka mingi imetegemea mradi wa HTM unaochukua maji Mto Pangani, upande wa Korogwe. Maji yanapoadimika, watu hurudia mabwawa na visima vya wazi, na kuhara huongezeka.

Kinachoua katika kuhara ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini. Pakiti moja ya ORS huchanganywa katika lita moja ya maji safi. Isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja hufaa kwa kuanzia. Mtoto huongezewa zinki kwa siku 10 hadi 14 na huendelea kunyonya. Antibiotiki si tiba ya kila aina ya kuhara.

Ini: virusi na sumukuvu

Virusi vya homa ya ini aina ya B huenea kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Watu wazima wengi hupona wenyewe, lakini takribani watoto tisa kati ya kumi wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki navyo, na baadaye huweza kupata kusinyaa kwa ini au saratani.

Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Mwenye virusi kwa zaidi ya miezi sita huhitaji kufuatiliwa, na anayestahili dawa hupewa tenofoviri.

Hatari nyingine imo ghalani. Mwaka 2016 ugonjwa ulioonekana wa ajabu ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ukiwapata watu 68 na kuua 20. Waliougua walikuwa na macho ya manjano, kutapika na tumbo kujaa. Ilibainika kuwa walikula mahindi yenye sumukuvu. Kenya ilipatwa na janga kama hilo mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kufariki.

Kiteto, mojawapo ya wilaya zilizoguswa mwaka 2016, inapakana na Kilindi, wilaya iliyomegwa kutoka Handeni, na mahindi ndiyo chakula cha eneo lote hilo. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kinga ni kukausha vizuri. Mkulima anaweza kutia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu na kutikisa; chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu.

Wakati wa kutosubiri

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo gumu lisiloguswa, macho ya manjano yenye homa au kuchanganyikiwa, na tumbo kujaa maji ni dalili zinazomtaka mgonjwa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka hospitali ya wilaya, kama Magunga iliyoko Korogwe, anayehitaji zaidi hupewa rufaa kwenda Bombo, jijini Tanga.

Mgonjwa aliyekunywa dawa za miti shamba hana sababu ya kuficha. Dawa nyingi, za kienyeji na za dukani, hupita kwenye ini, na tabibu asiyejua kilichomezwa huweza kuongeza mzigo juu ya ini lililokwisha choka. Hata parasetamoli ina kikomo: kwa mtu mzima ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini hupangiwa pungufu ya hapo na daktari.