Neno kwa Neno, Ushanga kwa Ushanga

Anayeanza kusoma saikolojia hukutana na Hermann Ebbinghaus mapema sana. Mjerumani huyu alitunga silabi kama 2,300 zisizo na maana, kila moja irabu iliyobanwa na konsonanti mbili, akazipanga katika orodha, akazikariri mwenyewe kwa kufuata mlio wa saa, akaziacha, kisha akazikariri upya na kupima kazi imepungua kiasi gani mara ya pili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Dakika 20 baada ya kukariri alikuwa ameokoa asilimia 58 ya kazi. Siku moja baadaye, asilimia 34. Siku ya 31, asilimia 21. Kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo.

Alichagua silabi tupu kwa makusudi. Alitaka kuiona kumbukumbu ikiwa imevuliwa maana, mahadhi na mazoea. Naye alijua vizuri alichokivua, maana alijipima pia kwa beti za shairi la Byron, na akaona kuwa zilimgharimu takribani sehemu moja tu ya kumi ya kazi ya kukariri silabi zile. Jambo hili hutajwa kwa haraka darasani, na hapo ndipo ningependa tukae.

Katika pwani yetu kuna watu wanaofanya kitu ambacho, kwa mtazamaji wa mbali, kinafanana kabisa na jaribio la Ebbinghaus. Mtoto wa Lamu, Tanga au Unguja hupelekwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akiwa bado mdogo, akaanza na Fatiha, kisha sura fupi za mwisho wa msahafu, akipanda kuelekea zile ndefu. Mara nyingi hajui Kiarabu. Anarudia sauti asizozifahamu maana mpaka zikae kichwani. Wengi wamelidharau jambo hili na kuliita kukariri kama kasuku. Mimi naona dharau hiyo haikutazama vya kutosha. Anayefika mwisho huwa amebeba juzuu 30, aya zaidi ya 6,200, na wapo wazee ambao ukiwaanzia aya yoyote, popote pale, wataiendeleza. Mchoro wa kusahau wa mwaka 1885 hauelezi hilo. Lazima kuna kazi nyingine inayofanyika.

Kwanza, sauti za chuoni si tupu. Tajwidi humfundisha mtoto kila herufi inatokea wapi kinywani, wapi pa kuvuta na kwa kipimo gani, wapi sauti ipite puani, wapi pa kusita. Mwisho wa aya hii huitana na mwisho wa aya ile. Hata pale maana ya maneno ilipokosekana, umbo lipo, na umbo ni mshiko. Pili, marudio yamegawanywa. Ebbinghaus mwenyewe aliona kuwa marudio 68 ya siku moja yalizaa matunda yaleyale ya marudio 38 yaliyotandazwa kwa siku tatu, na chuo kimejengwa juu ya kugawanya huko: somo jipya kidogo, na la zamani kudurusiwa kila siku. Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, mwanafunzi hasomi tu, husikilizwa. Hufunga msahafu akaketi mbele ya mwalimu na kutoa kilichomo kichwani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwa majaribio nchini Marekani kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka maandishi bila kuyatazama walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale walioyasoma tena na tena. Mwalimu wa chuo hakuhitaji jaribio hilo ili kujua wapi pa kubana.

Tuisogelee Sura ya Rahman. Aya moja hurudi humo mara 31. Kwa msikilizaji ni raha tupu. Kwa anayehifadhi ni njia panda 31. Hatari yake si kusahau. Hatari ni kutoka kwenye kiitikio na kuingia aya isiyo yake, akaruka mbele au kurudi nyuma bila kujitambua. Zipo pia aya za sura mbalimbali zinazoanza sawasawa na kuachana kwa neno moja, na hapo ulimi huweza kuhama sura nzima. Wanasaikolojia huliita tatizo hili mwingiliano: kumbukumbu mbili zinazofanana kugombea nafasi moja. Na dawa yake pwani iko hadharani. Katika msikiti unaokusudia kukhitimu Kurani usiku wa tarawehe, imamu akiruka aya, maamuma aliyehifadhi humsomea kwa sauti pale alipokosea, naye hurudi. Kumbukumbu hiyo haikuwekwa kichwani mwa mtu mmoja tu. Imewekwa kwa imamu, kwa waliosimama nyuma yake na katika msahafu ulio rafuni, na kila mmoja ni mlinzi wa mwenzake.

Ulinzi huo una sababu, na sababu yake nzuri zaidi katika maandishi ya saikolojia iko kwa Frederic Bartlett. Katika kitabu chake cha 1932, Bartlett alieleza alivyowapa watu wa Cambridge hadithi ya vita vya mizimu, iliyotoka kwa Wachinook wa Amerika Kaskazini na kukusanywa na Franz Boas, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Hadithi ilibadilika mikononi mwao. Mitumbwi ikawa mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Kitu cheusi kilichotoka kinywani mwa mtu anayekufa kikawa povu. Mizimu yenyewe, kwa baadhi yao, ilitoweka kabisa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alijenga upya hadithi kwa vifaa alivyokuwa navyo, yaani mazoea ya kwao kuhusu dunia inavyokwenda. Kukumbuka, kwa Bartlett, ni kujenga. Katika kozi nzima ya utangulizi sioni fundisho zito kuliko hilo, hasa kwa hakimu, polisi na mwandishi wa habari, ambao riziki yao iko katika maneno ya mashahidi.

Weka sasa Bartlett na chuo kando kwa kando. Chuo hufanya kazi kana kwamba kinamjua Bartlett. Hakiamini kichwa cha mtu mmoja, kwa kuwa kichwa hujenga. Basi kimezungushia matini uzio wa tajwidi, mwalimu na jamaa. Washairi wetu nao walijiwekea uzio wao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na William Taylor, alizikusanya tungo zake, na William Hichens akazichapisha kama diwani mwaka 1940. Zilifika kwa Sikujua kwa sababu watu wa mji walikuwa nazo, na walikuwa nazo kwa sababu mshororo wa mizani 16 wenye kina cha kati na cha mwisho humshtaki anayeuharibu. Lakini vina hulinda pale vinapokaa tu. Neno la katikati ya kipande, lenye mizani ileile, laweza kubadilishwa na lingine pasipo mtu kushtuka. Mhakiki wa matini za Muyaka na aanzie hapo kutafuta mikono ya watu wengine.

Waluba wa kusini-mashariki ya Kongo walikwenda njia nyingine. Chama cha Mbudye, kilichotunza na kufundisha historia ya ufalme wao, kilitumia lukasa: ubao wa mti unaoshikika kwa mkono mmoja, umepachikwa shanga na kauri na kuchorwa alama. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisimulia habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, wahusika wakuu wa simulizi za chanzo cha ufalme huo. Ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo waweza kuwa mfalme kati ya watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa safari. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliouonyesha urithi huu New York mwaka 1996, wanasisitiza kwamba ubao haulazimishi simulizi moja: wasomaji wawili hawasimulii sawa, na msomaji yuleyule hubadilisha usimulizi kulingana na shughuli na waliohudhuria.

Kwa macho ya Ebbinghaus hayo ni makosa ya kuhesabiwa. Kwa macho ya Bartlett ni kumbukumbu ikifanya kazi yake ya kawaida, ila hapa imefanywa sanaa na kupewa wenye mamlaka ya kuitenda. Imamu akibadilisha neno hurudishwa. Msomaji wa lukasa anayesimulia mbele ya wanaogombea kiti huaminiwa achague historia ipi isemwe leo. Hapo pana nguvu kubwa ya kisiasa.

Bartlett alikwenda pia Eswatini. Huko mchungaji mmoja alimtajia ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao, bei na wauzaji, na daftari la mwenye shamba lilipofunguliwa yalionekana makosa mawili tu, tena madogo. Wazungu wa nchi ile walishikilia kwamba Waswazi wana kumbukumbu ya ajabu. Bartlett akampa mtoto wa huko ujumbe mfupi wa kumpelekea mtu upande wa pili wa kijiji, naye hakufanya vizuri kuliko ambavyo angefanya mtoto wa Kiingereza. Uwezo ulikuwa kwa ng'ombe, si kwa kabila. Kwa hiyo ningetaka mwanafunzi wa saikolojia wa Mombasa au Dar es Salaam amtafute hafidhi, yaani aliyeihifadhi Kurani yote, amsimulie hadithi ya Wachinook, na arudi kwake baada ya mwezi. Nadhani naye atakuwa ameigeuza mitumbwi kuwa mashua.