Msamaha Haupiti Njia ya Mkato



Katika mashirika yetu tumezoea kusema: «Yaishe.» Mkosaji anatoa mbuzi, wazee wanapeana mikono, naye aliyeumizwa anarudi nyumbani na kidonda chake, akikumbushwa kwamba Mkristu husamehe. Historia ya jirani zetu wa Rwanda yatuonyesha kwamba njia hiyo ni fupi mno.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, magereza ya Rwanda yalijaa washtakiwa zaidi ya 120,000. Mahakama za kawaida zisingeweza kuwahukumu wote. Ndipo serikali ilipofufua gacaca, desturi ya zamani ya wazee kuketi majanini na kuamua ugomvi wa jirani na jirani. Mahakama hizo zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, zikafungwa Juni 2012, zikiwa zimesikiliza mashauri karibu milioni 2. Waamuzi walikuwa raia waliochaguliwa na jirani zao. Aliyekiri makosa yake alipunguziwa adhabu. Aliyepora mali alitakiwa kuirudisha au kuilipa.

Tusizisifu kupita kiasi. Wako waliokiri nusu tu ili watoke gerezani. Wako mashahidi waliotishwa, hata kuuawa. Na makosa ya askari wa jeshi lililoshinda hayakuletwa pale majanini. Tena, hukumu peke yake haikuwafundisha watu kuishi upya mlango kwa mlango.

Kazi hiyo ilishikwa na parokia ya Mushaka, katika jimbo la Cyangugu, ng'ambo ya mpaka wetu. Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa amempoteza mama yake katika mauaji yale. Kwake, kumaliza kifungo hakukutosha kumrudisha muuaji kwenye Komunyo. Mkosaji alifuata kwanza mafundisho ya miezi 6, akamwomba msamaha yule aliyemkosea, ndipo akapokelewa mbele ya waamini wote. Walioumizwa nao waliandaliwa mafundisho, wasiachwe peke yao na uchungu wao.

Sisi makatekista twafundisha kwamba Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Lakini katika mabaraza yetu twaanzia mwisho: twamdai aliyeumizwa maondoleo kabla mkosaji hajafungua kinywa.

Basi, kabla ya kusema «Yaishe», tujiulize: Ukweli umesemwa wote, na mbele ya aliyeumizwa? Kilichoharibika kitatengenezwaje? Nani atamsindikiza mkosaji asirudie, na nani atakaa karibu na aliyeumizwa? Na jinai kama ubakaji tuifikishe kwa hakimu. Mbuzi wa baraza hawezi kuifuta.

Msamaha ni zawadi ya aliyeumizwa. Sisi wengine hatuna haki ya kuutoa kwa niaba yake.