Tone Jekundu Chini ya Pikapu ya Mjomba

Nilipotea kidogo, si mnajua mambo ya chumba cha habari: mhariri anataka stori saa kumi jioni, na mheshimiwa anakupigia saa kumi kasoro dakika tano kukanusha alichokisema asubuhi. Ila safari hii sikupotezwa na kazi. Nilipotezwa na oili.

Mjomba wangu ana pikapu ya Kimarekani ya mwaka 1974, usukani kushoto, gia otomatiki. Ililetwa na mradi mmoja wa wafadhili, mradi ukafa, gari likabaki. Anabebea mbao na mabati, na hilo gari ndilo linalolipa ada za binamu zangu wawili. Sasa ikaanza kuacha doa kila asubuhi pale inapolala. Fundi wa kwanza aliinama, akachungulia sekunde kumi, akasema ni sili ya mbele ya gia boksi, lazima gia boksi yote ishushwe. Akataja bei. Mjomba akanipigia: "Mpwa, wewe umesoma, hebu njoo umsikilize huyu mtu." Kana kwamba shahada ya uandishi wa habari inafundisha gia boksi!

Nilichofanya ni kile ninachokijua: kutafuta chanzo cha pili. Nikampata mzee mmoja fundi, mstaafu, anayetengeneza magari nyuma ya nyumba yake. Nikamwamkia, nikaeleza. Hakugusa gari. Alichovya kidole kwenye doa, akakinusa, akakipangusa kwenye karatasi nyeupe. "Nyekundu," akasema. "Hii siyo ya injini wala ya difu. Lakini kijana, oili haivuji pale inapodondokea. Gari likitembea upepo unaisukuma nyuma, likisimama inateremka. Ukitaka mwizi, tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi."

Akaosha chini yote kwa dizeli na sabuni, akakausha, akapulizia poda ya watoto kuanzia kwenye rejeta mpaka nyuma ya gia boksi. Akatandika maboksi yaliyokunjuliwa, tukawasha gari, likanguruma nusu saa. Gia boksi ikabaki nyeupe pe! Sampo kavu, sili kavu. Msitari mwekundu ulikuwa mbele kabisa, pale paipu ya chuma inapoingia chini ya rejeta. Oili ilikuwa inaifuata ile paipu mwendo wote hadi kwenye gia boksi, kisha inadondoka huko kana kwamba imetokea huko.

Kwa wasiojua (nami sikujua): gia boksi ya otomatiki inachemka sana, kwa hiyo oili yake inapelekwa kwa paipu mpaka ndani ya rejeta, inapita kwenye kikopo cha shaba kilichozamishwa katika maji ya kupozea injini, halafu inarudi. Kikopo kikitoboka ndipo balaa huanza. Injini ikiwaka, oili ina presha kubwa na inaingia kwenye maji. Injini ikizimwa ikiwa moto, presha imebaki kwenye rejeta, maji yanaingia kwenye gia boksi. Pleti za klachi mle ndani zimegandishwa kwa gundi, na maji na gundi hawapatani.

Tuliposubiri ikapoa tukafungua mfuniko wa rejeta. Juu ya maji palielea kitu cha rangi ya waridi, kizito kama maziwa yaliyotiwa stroberi. Mjomba alikaa kwenye tofali, kimya.

Yule mzee akaanza kusimulia. "Zamani hii oili ilikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake." Nikajua ni porojo za gereji. Nikaenda kusoma ili nimuumbue. Wadau, mzee yuko sahihi.

Gia otomatiki iliyouzwa kwa wingi kwa mara ya kwanza ilikuwa Hydra-Matic ya General Motors. Ilitoka mwaka 1939, kwenye magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Vita ilipokuja, gia hiyo ikaingia hata kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani. Mwaka 1949 kampuni ikatoa kipimo rasmi cha oili yake, ikaiita Type A, na mwaka 1967 ikafuata Dexron, jina ambalo hadi leo mnaliona kwenye makopo pale Kariakoo. Rangi nyekundu ni ya kutiwa tu, ili oili hii isichanganywe na ya injini. Na ndiyo iliyomwezesha mzee wangu kumjua mtuhumiwa kwa kidole kimoja.

Tatizo la oili hii ni kwamba inaombwa mambo yanayogombana. Ilainishe, lakini pleti za klachi zishikane. Zishikane, lakini taratibu, gari lisiruke kama punda aliyepigwa. Na yote hayo kwenye joto kali, mwaka hadi mwaka. Mafuta ya petroli peke yake yalishindwa. Kilichoweza ni mafuta ya nyangumi-spamaseti, yule mwenye kichwa kikubwa kama kontena. Kusema kweli yale si mafuta hasa, ni nta ya majimaji, na inavumilia joto na kushikilia chuma kwa namna ambayo wakemia hawakuwa wameipata kwingine kwa bei ile. Kwa hiyo wakaichanganya kwenye oili ya gia.

Hapa ndipo niliposimama. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba nyangumi waliokolewa na petroli: Wamarekani walichimba kisima kule Pennsylvania mwaka 1859, mafuta ya taa yakashuka bei, merikebu za kuvua nyangumi zikatundika tanga. Stori tamu sana. Ila wanasayansi wanakadiria kwamba katika karne ya 20 waliuawa nyangumi-spamaseti zaidi ya 760,000, zaidi ya mara mbili ya wale wa karne ya 19, enzi za tanga na chusa. Mwaka 1964 peke yake waliuawa karibu 29,000. Hiyo ni enzi ya gari, wakati petroli ilikuwa inamwagika kila kona. Sisemi wote waliishia kwenye gia boksi. Mafuta yao yalikuwa na kazi nyingi, na meli za Urusi ya Kisovieti na Japani ndizo zilizokuwa mstari wa mbele. Lakini ile stori ya kuokolewa na petroli, mimi siinunui tena.

Na msidhani haya ni ya mbali. Mwaka 1828 meli nne kutoka Nantucket, Marekani, zilitumwa kuwinda nyangumi hawa hawa katika maji ya Zanzibar na Shelisheli. Miaka 5 baadaye, 1833, Sayyid Said akatia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wao akafika Unguja. Tunakumbuka pembe za ndovu na zile nguo za merikani, lakini wawindaji wa nyangumi walikuwa wameshatangulia kwenye maji haya. Kabla yao, kwa karne nyingi, watu wa pwani hii waliuza ambari, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi huyo huyo. Tofauti ni kwamba ambari uliiokota ufukweni. Mafuta ulilazimika kuua.

Mwaka 1970 Marekani ikamweka nyangumi-spamaseti kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na uingizaji wa mafuta yake ukafungiwa. Mwaka 1973 ikaja sheria kubwa zaidi ya wanyama hao. Viwanda vikakimbilia kemikali mbadala, na ikatoka Dexron-II. Gia zilibadilika vizuri tu. Lakini mbadala ule ulikuwa na tabia mbaya: ulikula shaba na viungo vya lehemu vya kile kikopo cha kupozea ndani ya rejeta. Oili ikavujia kwenye maji, maji yakavujia kwenye gia. Mwaka 1975 gazeti la The New York Times liliandika kuhusu uharibifu wa gia boksi uliohusishwa na marufuku ya mafuta ya nyangumi. Ikabidi itolewe Dexron-II nyingine yenye dawa ya kuzuia kutu, na hiyo nayo ikawa inavuta unyevu. Ikarekebishwa tena.

Sidai kwamba rejeta ya mjomba ililiwa na oili ya mwaka 1974. Miaka ni mingi, imeshachomelewa mara kadhaa, na hewa ya chumvi ya Dar inatosha kula chochote. Ila kikopo ni kile kile, ugonjwa ni ule ule, na kama ningekuwa mwenye gari wa Detroit mwaka ule, naye fundi akaniambia nishushe gia boksi kwa sababu ya sili, ningemwamini.

Kuna watu walitumia habari ile kusema tuliwaonea madereva kwa ajili ya samaki mkubwa. (Nyangumi si samaki, lakini tuache hilo.) Mimi naona kinyume. Gharama ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilikuwa inalipwa baharini ambako hakuna risiti. Marufuku iliihamishia kwenye rejeta, na hapo ndipo tukaiona. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikatangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi ya nyangumi. Visiwa vilivyopata uhuru miaka 3 tu nyuma, vikiwasimamisha wakubwa! Mwaka 1982 tume ikapitisha kusitisha uwindaji wa kibiashara wa nyangumi, kuanzia mwaka 1986.

Na pikapu? Mjomba hakushusha gia boksi. Alinunua rejeta ya mtumba, paipu zikabadilishwa, oili ikamwagwa na kutiwa mpya mara tatu mpaka ile rangi ya waridi ikaisha. Ada ya muhula imelipwa, nusu. Gia ya kwanza kwenda ya pili bado inasitasita ikiwa baridi, na mzee anasema huenda baadhi ya pleti zilishakunywa maji, tusubiri tuone. Jana usiku mjomba ametandika boksi jipya chini ya gari. Asubuhi hii kabla sijanywa chai amenitumia picha yake, bila maneno yoyote. Boksi kavu.