Uainishaji wa kondraiti

Kondraiti ni kimondo cha mawe kilichojengeka kwa vumbi lililolizunguka Jua lilipokuwa changa, miaka bilioni 4.56 hivi iliyopita, na ambacho tangu hapo hakikuyeyuka chote kwa pamoja. Ndani yake mna kondruli: matone ya madini yaliyoyeyuka na kuganda yakiwa bado yanaelea angani, mengi yakiwa madogo kuliko punje ya ulezi.

Kila kondraiti hupewa herufi na tarakimu. Herufi hutokana na kemia ya madini, tarakimu hutokana na umbile la mwamba, na anayeanza kujifunza asivichanganye hivi viwili. Mfano mzuri ni mawe yaliyoanguka Mbale, Uganda, alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992. Yaliyookotwa yalifika kilo 150 hivi, na kubwa kuliko yote lilikuwa na kilo 27.4; kipande cha gramu 3.6 kilipunguzwa kasi na jani la mgomba kikamgonga mvulana kichwani bila kumdhuru. Kimondo hicho kimeainishwa kuwa L5/6.

Herufi hupatikana kwa kuelekeza mwali wa elektroni kwenye chembe za olivini, madini ambamo magnesi na chuma hupokezana nafasi. Kinachotafutwa ni asilimia ya faialiti, yaani sehemu ya nafasi hizo iliyoshikwa na chuma. Katika kundi H huwa 16 hadi 20, kundi L 23 hadi 26, na kundi LL 27 hadi 32. Pirokseni yenye kalsiamu kidogo hupimwa vivyo hivyo ili kuthibitisha jibu.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. H ndilo kundi lenye chuma kingi zaidi kwa jumla, kama asilimia 27 ya uzito, lakini olivini yake ndiyo yenye chuma kidogo. Sababu ni oksijeni: katika H sehemu kubwa ya chuma ilibaki metali tupu, ilhali katika LL kingi kilioksidika kikaingia ndani ya madini. George Prior wa London aliuona uhusiano huu mwaka 1916, na mwaka 1953 Urey na Craig walionyesha kwamba makundi ya H na L yametengana kweli. Kwa hiyo herufi humwambia mtafiti kimondo kilimeguka kutoka mwamba mama wa aina gani.

Tarakimu husoma joto. Kipande cha jiwe husuguliwa hadi unene wa mikroni 30, nuru ipenye, kisha hutazamwa kwa hadubini. Katika aina ya 3 kondruli zina kingo kali, kioo ndani yake bado ni angavu, na chembe za olivini hutofautiana kikemia. Kufikia aina ya 4 olivini imekaribia kulingana na kioo kimefifia. Katika aina ya 5 kingo zimeanza kupotea. Katika ya 6 kondruli ni za kutafutwa, na feldispa imekua hadi kuzidi mikroni 50. Joto hilo, zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi kwa aina ya 6, lilitokana hasa na kuoza kwa alumini-26. Utaratibu huu ni wa Van Schmus na Wood, 1967. Tarakimu 1 na 2 ni za mawe yaliyobadilishwa na maji, kama kimondo cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864.

Joto halikuwa na ngazi, lilipanda taratibu, na ndiyo maana alama ya mkwaju katika L5/6 ni ya haki: jiwe lina dalili za aina zote mbili.

Baadaye ziliongezwa alama za mshtuko wa migongano, S1 hadi S6, na za kutu ya duniani, W0 hadi W6. Jina la kimondo kipya halipitishwi mpaka gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe likiwa dogo, zihifadhiwe katika taasisi ambako mtafiti mwingine anaweza kuzipima upya.