Jenereta ya Dada Mwaju
Sehemu ya Nne: Njia Katikati ya Dimba

ILIPOISHIA: Kibwe, kocha wa Bath City ndani ya gemu la Football Manager, ameingia mapumziko akiwa nyuma mabao mawili kwa bila. Mpinzani wake ni Chogo, kocha wa Weymouth na mwenye banda la gemu pale Magomeni. Dau lao ni jenereta. Tatizo ni moja tu: jenereta si ya Kibwe. Mara pazia la mlangoni likafunuliwa…

SASA ENDELEA…

"Kibwe!"

Sauti ile ilizima kelele zote bandani. Hata feni nadhani ilipunguza mwendo.

"Shikamoo dada," akasema Kibwe, macho kwenye kompyuta.

"Shikamoo dada Mwaju," wakaitikia vijana wote, kama walioambizana.

"Marahaba. Kibwe, nipe ufunguo wa stoo. Kesho alfajiri nina bi harusi na wapambe wake sita, na umeme wa mtaa huu mnaujua. Nataka jenereta niijaribu leo leo."

Umeisikia hiyo jenereta, msomaji wangu? Ndiyo hiyo hiyo. Dada Mwaju ameinunua kwa pesa za kusuka, na ndiyo inayoifanya saluni yake ipokee maharusi wakati saluni nyingine ziko gizani.

Mkono wa Kibwe ukashuka taratibu mfukoni. Ufunguo upo. Akaushika, akauacha.

"Nitakuletea dada. Namalizia kidogo hapa."

"Unamalizia nini?"

"Mpira."

"Mpira gani wa kuchezewa kwenye kiti?"

Watu wakacheka. Sasa angeondoka zake, hadithi yetu ingekwisha leo, ukalale. Hakuondoka. Alivuta stuli, akaketi nyuma ya mdogo wake, akakunja mikono.

"Haya, malizia nione."

Na Chogo je? Chogo alikuwa anabofya simu chini ya meza. Akatuma ujumbe, akatabasamu, akairudisha simu mfukoni. Alimwandikia nani? Tulia. Kila kitu kina saa yake.

Kabla kipindi cha pili hakijaanza, sogea nikuchungulishe mbinu za Kibwe. Usimwambie kama nimekuonyesha.

Mfumo wake ni 4-2-3-1, na hakuutunga yeye. Aliushusha kutoka intaneti kwa kuwa mwenye nao alijisifu amebebea makombe na Manchester City. Sawa. Lakini Kibwe anafundisha Bath City, daraja la sita la Uingereza, ambako mchezaji mchana anaweza kuwa na kazi yake nyingine na mazoezi ni siku chache kwa wiki.

Ndani ya mfumo huo kila kitu kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho. Mstari wa ulinzi, juu kabisa. Kubana wapinzani, kila mahali. Kasi ya pasi, kubwa kuliko zote. Mabeki wa pembeni wanapanda wote wawili. Mawinga wanapanda wote wawili. Kiungo mmoja naye anapanda.

Nyuma kabaki nani? Mabeki wawili wa kati na kiungo mmoja mpweke.

Katika gemu hili kila sifa ya mchezaji hupimwa kuanzia 1 hadi 20. Mabeki hao wa kati wa Kibwe wana mbio 8. Straika wa Weymouth ana 15.

Unaona kinachokuja? Basi wewe umemzidi Kibwe.

Kipindi cha pili kikaanza. Dakika zikaruka: 46, 48, 49.

"Mbona mnarukaruka?" akauliza dada Mwaju. "Mpira wenyewe uko wapi?"

"Dada, tunatazama vipande vya hatari tu. Ndivyo inavyofanywa."

"Sasa hatari ikishatokea ndiyo unaitazama? Ilikotokea utakujuaje?"

Kimya. Kijana mmoja pale nyuma akaguna, "Mh, hilo nalo neno."

Kibwe, kwa hasira tu, akabadilisha mipangilio. Mechi ikaanza kuonyeshwa yote bila kuruka, tena kwa picha ya kutoka juu, ile ya vidoti vyenye namba mgongoni.

Dakika ya 51. Kipa wa Weymouth akaanzisha taratibu. Vidoti vinne vya Bath vikamkimbilia kama walivyoagizwa. Pasi moja ikawapita wote. Pasi ya pili ikamkuta kiungo wa Weymouth akiwa peke yake, anageuka anavyotaka. Pasi ya tatu nyuma ya mabeki. Straika huyoo, anakwenda, anapiga…

Mwamba!

Banda zima likashika vichwa. Dada Mwaju hakushika kichwa. Aliinuka, akaweka kidole katikati ya kioo.

"Hapa. Umechana njia pana mno. Wa mbele wako kule, wa nyuma wako huku, na katikati ngozi inaonekana. Mimi nikimsuka mtu hivi, halipi."

Kibwe akasimamisha mechi.

Nikwambie kitu kuhusu gemu hili? Waliolianzisha ni ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer. La kwanza lilitoka 1992 likiitwa Championship Manager, na jina la Football Manager likaja 2004. Ndugu wawili wakalileta duniani. Leo, Magomeni, liko mbioni kuwatenganisha ndugu wengine wawili, na mmoja wao hata hajui.

"Chogo, geukia ukutani," akasema Kibwe. Ndiyo sheria ya kucheza wawili kwenye kompyuta moja: mwenzako akipanga mbinu, wewe unatazama rangi ya ukuta.

Chogo akageuka, akipiga mluzi. Mtu anayeongoza mbili bila ana haja gani ya kuchungulia?

Kibwe akaanza na namba kumi wake, fundi wa chenga asiyependa kukaba. Akamtoa. Badala yake akaingiza kiungo mkabaji na kumweka mbele tu ya mabeki, pale pale kilipogusa kidole cha dada Mwaju. Mfumo ukawa 4-1-4-1.

Kisha akashusha mstari wa ulinzi hadi katikati. Beki mwenye mbio 8 hawezi kuachiwa nusu ya uwanja mgongoni.

Lakini ngoja! Angeishia hapo, angekuwa amejichimbia kaburi. Mabeki wangerudi nyuma, washambuliaji wangeendelea kumfukuzia kipa kule mbele, na ile njia ingezidi kupanuka. Kwa hiyo akawaita na wa mbele: msikimbilie kipa, subirini mpira ufike katikati ndipo mbane. Sasa vidoti vyote kumi vikakaribiana.

Halafu akatazama vijimoyo vilivyo kando ya majina. Unavijua? Vinaonyesha pumzi iliyobaki. Saa moja kabla vilikuwa kijani. Sasa vingi vimekuwa vya njano, na cha beki wa kushoto kimeanza kuwa cha machungwa. Kubana juu kunakula mapafu, na mapafu ya daraja la sita si ya Manchester. Akapunguza na kasi.

"Weee!" vijana wakapiga kelele. "Anafungwa mbili, anapunguza kasi?"

"Kibwe kashakubali. Kalete jenereta, kaka!"

Neno limetoka. Jenereta.

Dada Mwaju akageuza shingo polepole. "Jenereta gani?"

Unadhani Kibwe alijibu nini?

"Ya… ya umeme, dada. Ndani ya gemu. Timu inanunua jenereta ya uwanja."

Uongo mbovu, naujua. Lakini dada Mwaju hajawahi kucheza gemu hili. Akanyamaza. Mtu akinyamaza hivyo, msomaji, usidhani ameamini.

Kibwe, jasho likimtiririka, akamalizia upande wa kushambulia. Awali alikuwa amewaambia watu sita washambulie, wote wakawa wanakimbilia sehemu moja na kubanana wenyewe kwa wenyewe. Sasa akawagawia. Winga wa kulia abaki pembeni kabisa, na beki wa nyuma yake asipande. Winga wa kushoto aingie ndani, na beki wa nyuma yake apite pale palipoachwa. Straika arudi nyuma kupokea mpira, na kiungo mmoja, mmoja tu, ampite kwenda mbele.

Kila anayeondoka, kuna anayebaki. Ndiyo siri nzima hiyo, na aliyeifunua ni msusi.

Mechi ikaendelea.

Dakika ya 55, hakuna kitu. Ya 58, Weymouth wakapiga kona, ikatolewa. Chogo akapiga miayo ya makusudi.

Dakika ya 63. Straika wa Bath akarudi nyuma kama alivyoagizwa. Beki wa Weymouth akamfuata. Kosa! Pale alipotoka beki kukabaki uwazi, na kiungo wa Bath akaingia humo kama aliyeitwa.

Gooool! 2-1.

Kibwe hakushangilia. Alitazama mlangoni. Alihisi tu, hajui kwa nini, kwamba kuna mtu anakuja.

Chogo akaacha kupiga miayo.

Dakika ya 84. Winga wa kushoto akaingia ndani, akaondoka na beki wake. Nyuma yake yule beki wa kushoto, mwenye kijimoyo cha machungwa, akakusanya pumzi zake za mwisho na kupita pembeni. Krosi. Ikapita kwa wa kwanza, ikapita kwa wa pili, ikamkuta winga wa kulia peke yake, kwa sababu ndiye aliyeambiwa abaki pembeni.

2-2!

Banda likataka kuanguka. Watu wakakumbatiana na wasiowajua. Dada Mwaju mwenyewe, nakuapia, alipiga kigelegele, kisha akajikumbuka akarekebisha khanga.

Ungekuwa wewe ndiye Kibwe, ungeshangilia? Mechi hii ni ya mtoano wa kupanda daraja. Sare maana yake ni dakika thelathini zaidi, na Kibwe amekwisha maliza wachezaji wa kubadilisha.

"Wewe geukia ukutani sasa," akasema Chogo. Sauti haikuwa na mluzi tena.

Kwa muda mrefu kukasikika kibodi tu: ta, ta, ta. Unajua alifanya nini? Chogo si mjinga. Aliona straika wake mwenye mbio 15 hana tena pa kukimbilia, kwa kuwa mabeki wa Bath wamerudi nyuma. Akamhamisha winga ya kulia. Akaingiza mshambuliaji mrefu katikati, akaamuru mipira mirefu ipigwe kwake, na ile inayodondoka iwahiwe haraka.

Na winga ya kulia ya Weymouth inatazamana na nani? Na beki wa kushoto wa Bath, yule wa kijimoyo cha machungwa. Sasa kijimoyo kimekuwa chekundu.

Dakika ya 97, mpira mrefu, kipa akaudaka. Ya 104, mpira mrefu, ukagonga mwamba ukatoka. Ya 111, beki wa kushoto alianguka mwenyewe bila kuguswa.

"Mwambie asipande!" dada Mwaju akapiga kelele.

Kibwe akanyoosha mkono kwenye kipanya ili amzuie. Amechelewa. Dakika ya 118 beki alikuwa ameshapanda, na mpira ukapotea. Pasi moja ndefu kwenye uwazi aliouacha. Mwenye mbio 15 akauwahi, akaingia ndani ya kumi na nane, beki wa kati akaja kwa kuteleza…

Filimbi.

Penalti. Ya Weymouth.

Chogo akasimama juu ya kiti. Kibwe akafumba macho. Mpira ukawekwa kwenye nukta nyeupe, kidoti kikarudi nyuma hatua chache.

Ndipo pazia likafunuliwa mara ya pili.

Alikuwa kijana wa guta, anahema, mikono ina vumbi. Hakumwona dada Mwaju. Alimtazama Chogo tu.

"Kaka Chogo, nimeupata ujumbe wako. Nimekwenda kuchukua ile jenereta ya saluni…"

Sasa umejua ujumbe wa mapumziko ulikwenda kwa nani. Chogo, akiongoza mbili bila, hakungoja filimbi ya mwisho.

Dada Mwaju akainuka. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza kile kitufe kirefu cha chini ya kibodi. Mechi ikasimama, penalti haijapigwa.

"Endelea," akamwambia kijana. "Umekwenda kuchukua jenereta ya saluni, ikawaje?"

Kijana akameza mate. "Dada… mimi nimeagizwa tu. Lakini sikuichukua, haki ya Mungu."

"Kwa nini?"

"Nimekuta mlango uko wazi. Kufuli halijavunjwa, limefunguliwa kwa ufunguo. Na ndani hakuna jenereta."

Chogo akashuka kitini. Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, alionekana hajui la kusema.

Kibwe akaingiza mkono mfukoni haraka. Ufunguo bado upo, umelowa jasho.

Stoo ina funguo mbili. Mmoja huu hapa. Wa pili anao nani? Na kwa nini dada Mwaju, badala ya kumtazama mdogo wake, amegeuka ghafla kumtazama yule kijana aliyeguna pale nyuma, ambaye sasa anatafuta njia ya kufikia mlango?

Penalti itapigwa. Jenereta itatafutwa. Na kuna mtu atatoka Magomeni usiku huu huu. Ni nani?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO