Kupashana Habari Katika Ungoni: Funzo la Vita vya Majimaji

Mgeni aingiapo katika mji wa watu hupewa kigoda, hupewa maji ya kunywa, kisha huulizwa habari. Haulizwi kwa ajili ya adabu peke yake. Wenyeji hutaka kujua njia aliyopita ina hali gani, mvua imenyesha wapi, nani amefiwa na nani amejifungua, na kama huko atokako chakula kimepatikana. Ndiyo maana hata salamu zetu za Kiswahili ni maswali: habari za utokako, habari za nyumbani, habari za kazi. Tunasalimiana kwa kutafuta habari na tunaitikia kwa kuitoa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa Songea, katika nchi iitwayo Ungoni, walivyotafuta habari, walivyozitumia na walivyopashana, hasa katika miaka ya Vita vya Majimaji na baada yake. Tumechagua vita hivyo kwa sababu vinatuonyesha kwa uwazi jambo ambalo katika maisha ya kila siku hatulioni: kwamba habari ni amana. Aipokeaye hana budi kuipima, na aliye nayo hana budi kuifikisha.

Njia za habari kabla ya vita

Mwishoni mwa karne ya 19 Ungoni ilikuwa na milki mbili. Kusini ilikuwapo Njelu, ambayo wakati wa vita ilikuwa chini ya Nkosi Mputa bin Gama, na kaskazini ilikuwapo Mshope chini ya Nkosi Chabruma. Chini ya hao walikuwapo manduna, yaani wakuu wa vita na wa sehemu mbalimbali za nchi. Mmoja wao alikuwa Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo la mji wa Songea hivi leo.

Katika utaratibu huo habari ilikuwa na njia yake. Neno la nkosi lilishuka kwa manduna, nao wakalifikisha kwa wakuu wa miji, na hao kwa watu. Habari za mipakani zilipanda kwa ngazi zizo hizo. Lakini ziko njia nyingine ambazo hazikuhitaji amri ya mtu: kisimani wanawake walikochota maji, penye mtungi wa ugimbi, msibani, uwanja wa ngoma, na kando ya moto wa jioni ambapo wazee waliwasimulia vijana asili ya ukoo na safari ndefu ya mababu kutoka kusini mwa mto Zambezi.

Aidha, Ungoni haikuwa kisiwa. Njia ya misafara kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ilipita katika nchi hizi. Kwa njia hiyo zilipita pembe za ndovu, nguo, bunduki na, kwa huzuni kubwa, watu waliouzwa utumwani. Pamoja na vitu hivyo yalipita maneno. Mpagazi aliyelala Ungindo usiku mmoja aliweza kusimulia Ungoni baada ya siku chache mambo aliyoyasikia huko. Yafaa tuikumbuke njia hii, kwa kuwa upande huo wa mashariki ndiko ilikotoka habari kubwa kuliko zote.

Habari ya maji

Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata ilianzishwa kodi ya nyumba katika koloni lao lote, na mwaka huo huo wamisionari wa Kibenediktini walifika Peramiho. Watu walilazimishwa kazi, wakuu wao wakavunjiwa heshima, na nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa, mahali pa kuwaomba wahenga wa nchi, ikachomwa moto na mmisionari. Maumivu hayo hayakuwa ya Wangoni peke yao. Huko Umatumbi watu walikuwa wakilazimishwa kulima pamba, na huko Ngarambe alitokea Kinjikitile Ngwale, aliyefundisha kwamba watu wote weusi ni wamoja na kwamba maji yake yatawakinga na risasi za mkoloni.

Habari ya Kinjikitile haikutangazwa kwa baragumu. Ilinong'onezwa. Wamatumbi waliita mnong'ono huo njwiywila: mtu alimwambia ndugu yake, naye akamwambia shemeji yake, mpaka makundi ya watu yakawa yanakwenda Ngarambe bila akida wala karani wa Mjerumani kutambua kinachotendeka. Wahenga wamenena kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwishoni mwa Julai 1905 lililosemwa likaja: pamba iling'olewa na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari yake ilikwisha mtangulia mbali. Wajumbe waliokuwa wakiitwa hongo walikuwa wamekwisha ichukua.

Katika masimulizi ya Ungoni mjumbe huyo anatajwa kwa jina la Kinjala, aliyetoka upande wa Ungindo na kufika kwanza kwa Nkosi Chabruma. Hapa inatupasa kutulia na kujiuliza: kwa nini watu wenye sifa ya vita, waliokuwa na silaha na mbinu zao wenyewe, waliipokea habari ya mgeni? Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ni ujinga. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Habari ile ilipokewa kwa sababu ilikuwa na sehemu mbili zilizofungwa pamoja. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba mateso ni ya wote, na kwamba makabila yakiungana yanaweza kusimama mbele ya mkoloni. Hiyo ilikuwa kweli, na kila mtu aliweza kuipima kwa maisha yake mwenyewe. Sehemu ya pili ilisema kwamba risasi itageuka maji. Hiyo haikuwa kweli, lakini iliingia nyumbani mwa watu imeshikwa mkono na ile ya kwanza.

Wala si wote walioipokea kwa haraka. Katika Ungoni walikuwapo manduna na watu waliosita. Lakini habari ikibebwa na uchungu hukimbia kuliko mashaka. Mnamo Septemba 1905 vita vilikuwa vimeenea Ungoni, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto.

Mwezi Oktoba kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Kapteni Nigmann kiliwasili kikiwa na bunduki ya mtombo, nayo majeshi ya Wangoni yakapata hasara kubwa. Basi habari ya pili, kwamba maji hayazuii risasi, ikaenea kwa njia zile zile zilizoleta ya kwanza. Wapiganaji waliacha kuitegemea dawa, lakini wengi wao hawakuacha vita. Waligawanyika katika vikosi vidogo wakaendelea kupigana porini. Jambo hili ni kubwa, nasi tungependa wanafunzi walitie moyoni: ile sehemu ya habari iliyokuwa ya uongo ilipoanguka, ile iliyokuwa ya kweli ilibaki imesimama.

Gharama na ukimya

Mkoloni alijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika nchi yote iliyoguswa na vita hivyo walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000. Mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wengi walinyongwa, akiwamo Nkosi Mputa, wakazikwa katika kaburi moja la pamoja. Siku chache baadaye alinyongwa Nduna Songea Mbano, naye akazikwa peke yake. Nkosi Chabruma alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, akafia huko.

Baada ya hapo ulikuja ukimya. Ni rahisi kufahamu sababu yake. Baba aliyeponea chupuchupu hakutaka mwanawe aropoke mbele ya askari wa boma. Kwa hiyo habari za vita, ambazo zamani zingesimuliwa uwanjani, zilirudi kando ya moto wa jioni na kusemwa kwa sauti ya chini. Wakati huo huo mkoloni aliandika. Aliandika taarifa, hesabu na barua, akaziweka katika majalada yake. Hivyo, kwa miaka mingi, mwenye kutaka kusoma juu ya vita hivyo alisoma maneno ya yule aliyenyonga, wala hakusoma maneno ya ndugu wa aliyenyongwa.

Mabadiliko yalianza baada ya Uhuru. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kiliendesha utafiti wa Majimaji. Wanafunzi walirudi katika wilaya za kwao, wakaketi na wazee na kuandika masimulizi yao. Kwa upande wa Ungoni kazi hiyo ilizaa kitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kilichotolewa mwaka 1969. Tazameni jinsi jambo hili lilivyo la maana: tangu vita ilikuwa imepita miaka 60 na zaidi, na wale waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa vikongwe. Lau wanafunzi wale wangechelewa miaka 20 tu, wangekuta makaburi badala ya wasimulizi.

Tena hawakuyameza masimulizi bila kuyatafuna. Walilinganisha neno la mzee huyu na la mzee yule, na maneno ya wazee na majalada ya Wajerumani. Pale mashahidi wawili wasiojuana walipokubaliana, habari ilipata nguvu. Pale walipotofautiana, tofauti yenyewe ilikuwa somo.

Desturi hii ya kusikiliza pamoja na kupima pamoja ilionekana tena mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu yapata milioni mbili katika Tanzania Bara walijiunga na vikundi vya vijijini. Walisikiliza radio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Radio ilikuwa chombo kigeni, lakini kikao kilikuwa chetu. Habari ilisikiwa na wengi, ikaulizwa maswali, ndipo ikafanyiwa kazi.

Habari ambayo bado inatafutwa

Mtu azuruye leo Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ataliona kaburi la pamoja la mashujaa, na pia kaburi la Nduna Songea Mbano. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Lakini katika ukoo wa Nduna Songea imerithiwa habari moja nzito: kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwili uko Songea, na kichwa hakijulikani kilipo.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na kizazi cha Nduna Songea na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa hicho, lakini hakuahidi kwamba kitapatikana. Hebu tulipime jambo hili. Dola iliyoandika kila kitu, iliyohesabu kodi ya kila nyumba, haikuweza kujibu swali moja la familia moja. Na familia ambayo haikuwa na jalada hata moja imelihifadhi swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kinywa tu, toka baba hadi mwana.

Si kazi isiyo na tumaini. Mwaka huo huo wa 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba, kwa kulinganisha vinasaba, wamewapata ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu wa Kichaga ambao mafuvu yao yalichukuliwa zama za ukoloni. Ugunduzi huo haukufanywa na maabara peke yake. Ulihitaji pia jamaa za watu huko Kilimanjaro wanaozijua koo zao na kukumbuka nani alichukuliwa. Kumbukumbu za mdomo na za maandishi zilikutana, na kila moja ikaikamilisha nyenzake.

Hivyo basi, tukirudi kwa msomaji wetu mwalimu na mwanafunzi, tunaona kwamba historia hii inatudai mambo matatu. Kwanza, tuulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mzee asiyeulizwa huondoka na hazina yake. Pili, tupime. Siku hizi habari hufika mkononi mwa kijana kwa simu, upesi kuliko hongo yeyote wa mwaka 1905, na bado huja kama ilivyokuja ile: kweli na uongo katika mfuko mmoja. Ni wajibu wetu kuifungua na kutenga kimoja na kingine kabla ya kumpa jirani. Tatu, tutunze. Mwanafunzi aandikaye masimulizi ya bibi yake katika daftari, akaweka jina la msimulizi, kijiji na tarehe, amefanya kazi ile ile iliyofanywa na wanafunzi wa mwaka 1968.

Kizazi cha Nduna Songea kingali kinangoja jibu. Jibu hilo likija, litakuja kwa sababu palikuwa na watu ambao, katika miaka ya ukimya, hawakukubali kulisahau swali.